Anayepokea Lawama Kwenye Kartie Awe na Neno Mezani

Maneno yaliyosemwa mbele ya komite, mavolontere na wanachama wa Beni na Butembo, kutayarisha mkutano mkubwa



Mmetuomba, sisi tunaofanya kazi ya tereni pamoja nanyi, tuseme juu ya jambo moja: kazi za uongozi zigawanywe namna gani kati ya komite na mavolontere. Tunajua ombi hilo halikutoka hewani. Mezani kuna pendekezo la kugeuza reglema ya ndani, na katika mkutano mkubwa unaokuja kila mwanachama ataombwa kunyoosha mkono. Kwa hiyo hatutawaletea masomo ya kitabuni. Tutasema tunayoyaona kila wiki, tutaangalia wengine walifanya nini, halafu tutatoa mawazo yetu. Mtayachukua au mtayaacha, kwani chama ni chenu.

Ugomvi unaanzia kwenye listi

Tuanze na listi, sababu ni pale moto unawaka.

Tuseme mfadhili ametoa mabashi 60. Kwenye kartie moja, familia zilizorudi na zinazolala bila paa zuri ni 140. Volontere anapita nyumba kwa nyumba, anaandika majina 140. Anapeleka karatasi ofisini. Komite iko na masharti ya mfadhili mkononi: wajane kwanza, wazee, walemavu, familia zenye watoto wengi. Inakata majina mpaka yabaki 60, inatia sahihi, inapiga muhuri. Hakuna aliyeiba. Kazi imefanywa sawasawa na karatasi.

Sasa siku ya kugawa inafika. Nani anasimama mbele ya zile familia 80 ambazo hazikupata? Ni volontere. Yeye ndiye aliyeingia nyumbani mwao na kalamu. Yeye ndiye wanayemkuta kwenye bomba la maji, kanisani, sokoni, kwenye matanga. Mama mmoja atamuuliza: “Uliandika jina langu, ukalipeleka wapi?” Naye hana jibu, maana hakuwepo majina yalipokatwa, na hakuna aliyemweleza. Anaitwa mwizi kwa uamuzi ambao hakuufanya.

Tumeona mavolontere wazuri wakiacha kazi kwa njia hiyo. Hawakuacha kwa sababu ya njaa au uchovu. Waliacha kwa sababu ya aibu. Na volontere wa namna hiyo akiondoka, chama kinapoteza mtu anayejua ni nyumba gani mtoto hajala tangu jana. Hakuna ripoti inayoweza kuziba pengo hilo.

Tuseme pia upande wa komite, ili haki iende pande zote. Komite ndiyo inayoitwa kwa shefu wa kartie, kwa meri, kwa idara za Serikali. Pesa zikipotea, jina la prezida na la mtunza kasa ndiyo yataandikwa kwenye barua ya mwanasheria. Wanasukumwa na tarehe za wafadhili. Wengi wao pia wanajitolea, hawana mshahara. Wakisikia neno “kugawana uongozi”, wanaogopa watu watataka kushika uamuzi bila kushika mzigo. Hofu hiyo iko na msingi.

Neno letu leo ni hili moja: anayepokea lawama ya uamuzi lazima awe na neno katika uamuzi huo, na anayetaka neno lazima akubali kubeba sehemu ya mzigo. Mengine yote tutakayosema ni namna ya kulitimiza.

Tunajua maana ya kuamuliwa

Sisi watu wa Beni na Butembo hatuhitaji kufundishwa ni nini kinatokea watu wakiamuliwa bila kuulizwa.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku chache tu kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba kura ya Beni na Butembo inasogezwa mpaka Machi 2019, sababu ya Ebola na ya usalama. Rais mpya aliapishwa Januari 2019, sisi bado hatujapiga kura. Kesho yake baada ya tangazo lile, mjini Beni waandamanaji walishambulia kituo kilichokuwa kinapokea watu wanaoshukiwa kuwa na Ebola. Kituo hakikuwa kimesogeza kura. Lakini watu walikuwa wameunganisha mambo mawili kichwani: wanaotuambia tupone ndio walewale wanaotunyima sauti.

Ebola yenyewe ilikuwa shule kubwa. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Mangina, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Pesa zilikuja nyingi, magari yakajaa barabarani, wataalamu wakatoka nchi mbali. Lakini Septemba 2018 watafiti walipouliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, zaidi ya mmoja kwa kila wanne alisema haamini kwamba ugonjwa uko. Oktoba mwaka uleule, mavolontere wa Msalaba Mwekundu walishambuliwa hapa Butembo wakiwa kwenye kazi ya mazishi. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na vya Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache.

Angalieni nani aliyepigwa. Mawe hayakufika kwenye ofisi kubwa ambako mipango iliandikwa. Yaliwafikia watoto wa hapa, waliovaa mavazi ya plastiki na kubeba maiti za jirani zao.

Na angalieni pia kilichosaidia. Beni kulikuwa na vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki ya kuonekana, jamaa wakaweza kusimama nje na kumwona mtu wao, kumwongelesha, kujua kwamba hajafichwa. Watu waliopona walipewa kazi ya kulea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa, sababu ugonjwa haukuwa tena hatari kwao kama kwa wengine. Kila mahali uzito ulipogawanywa na watu wakaruhusiwa kuona, mlango ulifunguka kidogo. Hatusemi kwamba hilo peke yake lilimaliza Ebola. Chanjo ilifanya kazi kubwa. Lakini chanjo nayo ilihitaji mtu akubali kunyoosha mkono, na mtu hanyooshi mkono kwa yule asiyemwamini.

Sheria inasema nini, na inaacha nini

Baadhi yenu mmetuuliza kama sheria inakubali komite igawane madaraka. Vyama kama chetu, ASBL, vinaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Kwa sheria hiyo, mamlaka ya juu iko kwa mkutano mkubwa wa wanachama. Ndiyo unaochagua na kuondoa wasimamizi, unaopitisha bajeti na hesabu, unaogeuza statuti. Komite inaendesha chama katikati ya mkutano mmoja na mwingine. Haina chama mfukoni. Imekabidhiwa.

Lakini sheria inaongelea wanachama. Na hapa tuko na shimo ambalo wengi hawajaliona. Mavolontere wetu wengi si wanachama kamili. Wengine hawajalipa mchango sababu hawana kitu. Wengine walifika juzi, walianza kusaidia kabla hata ya kujua kwamba chama kina kadi. Matokeo yake ni kwamba mtu anayefanya kazi ya chama kila siku hana kura, na mwingine ambaye hajaonekana mwaka mzima, lakini amelipa, ndiye anayenyoosha mkono.

Jambo la kwanza basi ni rahisi, na liko ndani ya uwezo wa mkutano mkubwa: volontere aliyefanya kazi miezi sita, kazi ikaandikwa kwenye daftari, ahesabiwe kuwa amelipa mchango wake kwa jasho. Apewe kadi. Apige kura kama wengine.

Jambo la pili ni lugha. Statuti na reglema yetu iko katika Kifaransa. Mtu hawezi kulinda haki ambayo hawezi kuisoma. Tafsiri ya Kiswahili na ya Kinande isomwe kwa sauti katika kila selile kabla ya kura, na watu waulize maswali.

Tuangalie tulivyo navyo

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Bamama waliomo humu wako nao nyumbani.

Wengi wenu mko katika AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Njia hii ilianzishwa na CARE nchini Niger mwaka 1991, leo imeenea Afrika yote. Kila kikundi kiko na sanduku lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na hao watatu si wa komite. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu mwingine. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote, na kila mtu anasikia kiasi kilichobaki kabla ya kurudi nyumbani.

Fikirieni hekima iliyomo. Si kila mtu anashika pesa. Kama wote 25 wangeshika, zingekwisha siku moja. Lakini pia hakuna anayeweza kufungua peke yake, hata prezida. Kazi zimegawanywa: huyu anatunza, huyu anafungua, huyu anahesabu, wote wanaona. Bamama ambao hawakumaliza hata shule ya msingi wanaendesha jambo hili bila vita. Iweje chama kizima kishindwe?

Kwenye afya tuko na RECO, wanaochaguliwa na watu wa kijiji au avenyu yao, tuko na CAC kule chini, na CODESA kwenye eneo la afya. Kwenye shule tuko na komite ya wazazi. Vyombo hivi kwenye karatasi ni vizuri. Tunaona mahali ambapo vinafanya kazi, na mahali ambapo vinaitwa tu siku mgeni anakuja, watu wanapigwa picha, wanakunywa fanta, wanarudi nyumbani. Tofauti ni moja: pale vinapofanya kazi, kuna uamuzi fulani unaojulikana ambao hauwezi kupita bila wao. Pale vinapolala, vinaombwa maoni tu, na maoni yanawekwa kwenye droo.

Tutoke kidogo nje ya nchi. Tanzania, kila kijiji kiko na halmashauri ya kijiji, watu 15 mpaka 25, na kuna mkutano mkuu wa kijiji ambao ni wa watu wazima wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini, na haiwezi kumgawia mtu ardhi hiyo bila mkutano mkuu kukubali. Sheria haikusema wanakijiji wote waendeshe ofisi kila siku. Ilichagua jambo moja lenye kuuma, ardhi, ikasema: hili, viongozi, hamliwezi peke yenu. Hata kule kuna vijiji ambako viongozi waliiruka sheria hiyo. Lakini mwanakijiji akiisimamia, yuko na mahali pa kusimama.

Wazee wa Kiyira nao walikuwa na kyaghanda, mahali pa kukaa na kusikiliza shauri mpaka lieleweke. Kyaghanda ya zamani ilikuwa zaidi ya wanaume wazee. Tuichukue ile subira yake, na tuongeze viti vya bamama na vya vijana.

Vikapu vinne

Sasa pendekezo. Tunaona kazi za uamuzi ziwekwe katika vikapu vinne, na viandikwe kwenye reglema ya ndani kwa maneno ambayo kila mtu anaelewa.

Kikapu cha kwanza ni cha komite peke yake. Ndani yake kuna sahihi za benki, mikataba, mishahara ya wachache wanaolipwa, barua kwa Serikali, kesi. Mambo haya yanahitaji mtu anayejulikana, ambaye sheria inaweza kumwita kwa jina. Tusiyagawe kwa watu thelathini, sababu kitu cha wote kinageuka kuwa kitu cha hakuna mtu. Lakini komite iwe na deni moja: ndani ya siku 15 baada ya kutia sahihi mkataba, inaeleza mavolontere na wanachama umeahidi nini, ni pesa ngapi, na masharti ni gani.

Kikapu cha pili ni cha pamoja: komite inapendekeza, mavolontere wanakubali au wanakataa, na bila kukubaliana hakuna kinachosonga. Humu tunaweka masharti ya nani asaidiwe kwanza, karties na vijiji vya kuanzia, na pesa kidogo ya usafiri na chakula cha volontere. Zile familia 80 zisizopata bashi zinahitaji kujua sharti lilikuwa nini kabla ya kuandikwa. Volontere aliyekubali sharti anaweza kulitetea mbele ya watu. Asiyejua sharti hawezi kutetea kitu.

Kikapu cha tatu ni cha mavolontere wenyewe. Hapa ni kazi ya kuthibitisha listi kwenye avenyu, kupanga siku za kutembelea watu, na jambo moja zito kuliko yote: kwenda au kutokwenda.

Wandugu, tukisema hili tunasema juu ya uhai. Tangu Oktoba 2014 mauaji yalipoanza kuenea katika teritwari ya Beni, wengi wenu mmekimbia mara mbili, mara tatu. Mmerudi upande wa Oicha, wa Mbau, wa Mutwanga, sababu kakao inaiva na mtoto lazima asome, halafu mmekimbia tena. Ofisi iliyoko Butembo haiwezi kujua barabara ya namba 4 imeamkaje kati ya Beni na Eringeti. Anayejua ni yule ambaye shangazi yake amepiga simu usiku. Kwa hiyo tunasema: komite iwe na haki ya kuzuia safari, lakini isiwe na haki ya kulazimisha safari. Volontere akisema leo hapana, hakuna anayemwuliza mara mbili, na jina lake halifutwi kwa sababu hiyo. Mfadhili anayesoma haya aelewe kwamba tarehe kwenye mpango wa kazi ni tumaini, na maisha ya mtu hayarudi.

Kikapu cha nne ni cha wadhibiti. Watu watatu, waliochaguliwa na mkutano mkubwa, wasiotoka kwenye komite wala kati ya mavolontere. Wanafungua daftari za kasa wakati wanaotaka, wanapokea malalamiko, wanasema mbele ya wanachama walichokiona. Hapo yule mama aliyeuliza jina lake lilipelekwa wapi anapata mahali pa kwenda, bila kumshika volontere shati.

Na viti kwenye komite? Ndiyo, tunakubali mavolontere wawe na viti viwili, kimoja cha Beni na kimoja cha Butembo, na angalau kimoja kikaliwe na mama. Wachaguliwe na mavolontere wenzao. Wasichaguliwe na prezida. Lakini tunawaonya: viti peke yake ni kitu kidogo. Mtu mmoja au wawili kati ya wengi wanaweza kukaa mwaka mzima wakiitikia kwa kichwa. Nguvu ya kweli iko katika kikapu cha pili na cha tatu, pale uamuzi hauwezi kupita bila wao.

Halafu kuna swali la barabara. Kati ya Butembo na Beni ni kilomita zaidi ya 50. Kama mikutano yote inafanyika Butembo, basi Beni wana viti kwenye karatasi tu. Mkutano mmoja ufanyike huku, unaofuata kule, na nauli ya mwakilishi itoke kwenye kasa ya chama.

Maswali magumu

Tumesikia maswali yenu kwenye karties. Tuyajibu bila kuzunguka.

“Mavolontere watajipendelea wenyewe na jamaa zao.” Inawezekana. Wao pia walikimbia, wao pia hawana paa, na wako na haki ya kusaidiwa kama wengine. Kwa hiyo sheria iwe moja kwa wote: jina la jamaa yako likiingia kwenye listi, unatoka nje, wengine wanaamua. Sheria hiyo imfunge mtu wa komite sawa na volontere.

“Basi listi isomwe hadharani, kila mtu asikie.” Hapa tuwe na akili. Masharti yasomwe hadharani. Idadi isomwe. Katika avenyu tulivu, hata majina yasomwe. Lakini kuna majina ambayo hayasomwi kamwe: mama aliyetendewa jeuri, mtoto aliyetoka mikononi mwa watu wenye silaha. Na mahali pa kugawa chakula hapatangazwi siku tatu mbele, sababu mwizi naye ana masikio. Kwa majina hayo, wadhibiti wawili wanaona, wanathibitisha, wananyamaza.

“Kuulizana kunachelewesha.” Ni kweli, kunachelewesha. Pengine wiki moja, pengine mbili. Lakini hesabuni pia siku zinazopotea baada ya ugawaji mbaya: mikutano kwa shefu, malalamiko, familia zisizotaka kuandikwa tena. Na siku ya dharura, watu wakifika usiku na vitanda vichwani, tusingoje mkutano. Komite na wawakilishi wawili wa mavolontere wapigiane simu, waamue, wagawe. Ndani ya siku saba wanaeleza wote walichofanya na kwa nini.

“Mavolontere wakipata madaraka watataka mshahara.” Tutofautishe. Kujitolea si kufanywa punda. Volontere asitoe nauli mfukoni, asinunue karatasi, asiugue kazini bila mtu wa kumpeleka hospitali. Hizo ni gharama za kazi, si mshahara. Chama kikisema hakina pesa za mshahara, wataelewa, kama wameonyeshwa daftari. Asiyeonyeshwa daftari anafikiri kila mara kwamba kuna pesa zimefichwa.

Kwa kila upande neno lake

Kwa wafadhili, tunawashukuru. Bila ninyi mabashi hayo 60 yasingekuwepo. Lakini mfadhili anayetaka listi ndani ya siku mbili anapata listi ya siku mbili. Mkitaka listi ambayo kartie inaiamini, weka kwenye bajeti nauli ya mikutano, tafsiri, daftari, simu. Ni kiasi kidogo karibu na bei ya vitu vinavyogawiwa. Na mkija kutembelea, msikae na komite tu. Ombeni kuonana na wadhibiti, na muulize mavolontere kama wanaijua bajeti ya mradi wanaoutumikia. Jibu lao litawaambia mengi.

Kwa komite, tunasema: hamtapoteza heshima. Leo mnabeba peke yenu shutuma za kila kitu, hata za masharti ambayo mfadhili aliyaandika. Uamuzi uliofanywa pamoja unatetewa na midomo mingi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa mavolontere, mmesema muda mrefu kwamba hamsikilizwi. Mkipewa kikapu cha pili, hamtaweza tena kuwaambia watu “ni ofisi ilikataa”. Mtakuwa mmekataa pamoja na ofisi. Itabidi mje kwenye mkutano hata siku ya mavuno, msome karatasi, na siku nyingine mumwambie jirani yenu hapana mkimwangalia usoni. Asiyeko tayari kwa hilo asinyooshe mkono wa ndiyo.

Kwa wanachama wengine, wenye kadi na wenye haki ya kura: kitanda usichokilalia hujui kunguni zake. Kabla ya mkutano mkubwa, kila mmoja wenu atafute volontere wa avenyu yake, atembee naye nusu siku, aone anachoulizwa. Halafu aje kupiga kura.

Tunaomba mambo matatu yaingie kwenye ajenda, yapigiwe kura moja moja, yasichanganywe. La kwanza, kadi ya uanachama kwa volontere wa miezi sita. La pili, vikapu vinne ndani ya reglema ya ndani, vikiwa vimesomwa mbele kwa Kiswahili na Kinande. La tatu, uchaguzi wa wadhibiti watatu siku hiyohiyo, kabla watu hawajaanza kurudi nyumbani. Mkikubali moja na kukataa mawili, bado mtakuwa mmesonga. Baada ya mwaka mmoja mtayaangalia tena, mtengeneze palipopinda.

Sisi tutakuwepo siku hiyo, tutakaa nyuma, hatutapiga kura. Watu wa Beni waje mapema, chai itakuwa tayari, na nauli ya kurudi italipwa mlangoni mbele ya wote.